Dakika Mbili Dirishani

Katika nyumba waliyopanga La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, familia tano zilitumia bafu moja, na kila familia ilikuwa na zamu yake. Zamu ya Murielle na mama yake ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwenye kuchelewa alisubiri mpaka wote wamalize, akaoga maji ya baridi. Murielle hakuchelewa. Alioga, akavaa sare, akanywa chai kwa mkate, kisha akasimama mlangoni kumngoja Glody.

Glody alikuwa binamu yake, binti wa mjomba Marcellin, mlinzi wa maduka. Walikaa chumba cha pili nyumba hiyohiyo. Alikuwa na miaka kumi na minne na alizaliwa Johannesburg. Kiswahili alikielewa chote, ila ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza, na ukimsihi sana alikuchanganyia.

Waliongozana hadi kwenye roboti, kama wenyeji wa jiji hilo wanavyoziita taa za barabarani. Hapo waliachana. Glody alikwenda shule ya sekondari. Murielle, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na kimo cha kumfikia mama yake begani, alikwenda kuketi na watoto wa miaka tisa.

Ilikuwa Machi, mwaka 2017. Murielle alikuwa amefika mwezi Januari kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo. Kule alimaliza darasa la tano akiwa wa kwanza. Hapa aliwekwa darasa la nne, kwa sababu hakujua Kiingereza. Hesabu za darasa hilo alizimaliza kabla mwalimu hajafuta ubao, kisha akabaki ameegemea mkono, magoti yakigusa meza kwa chini. Wenzake hawakuwa wabaya. Walimwita shangazi.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa Bi. Nkabinde, ambaye wanafunzi walimwita Mam, kama walimu wote wa kike wanavyoitwa huko. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwanzoni mwa Machi alimwita Murielle baada ya kipindi, akazungumza naye kwa Kiingereza polepole, neno baada ya neno, ili amwelewe.

"Tarehe ishirini na tisa utasimama kwenye dirisha hili," alisema. "Utatazama nje dakika mbili, na utanieleza watu wanafanya nini wakati huo. Ukiweza, muhula wa pili utaingia darasa la sita, panapokustahili. Usipoweza, utabaki hapa hadi Desemba."

Jambo lenyewe ndilo darasa zima lilikuwa likijifunza: jinsi ya kueleza kwa Kiingereza tendo linaloendelea muda uleule unaposema. Mtu anafagia, watoto wanacheza, mvua inanyesha. Murielle alirudi nyumbani akiwaza darasa la sita njia nzima.

Kule Uvira, mwanafunzi hodari alikuwa yule anayekariri. Mwalimu aliandika ubaoni, darasa likanakili, na siku ya tatu kila mmoja alisimama mikono nyuma akayasema yote bila kuacha nukta. Murielle aliwahi kutaja kwa Kifaransa mito thelathini na miwili ya Kongo kwa mfululizo, mkaguzi akamshika mkono mbele ya shule nzima. Kati ya mito hiyo alikuwa ameuona mmoja tu, Ruzizi, kwa kuwa uko karibu na kwao. Hakuna aliyemuuliza habari za ile mingine.

Kwa hiyo alijua la kufanya. Jioni ile alimwendea Glody na daftari.

"Niandikie sentensi ishirini za Kiingereza. Watu wanafanya hiki, watu wanafanya kile."

Glody alikuwa amelala kifudifudi kitandani, simu mkononi. "Watu gani?"

"Wowote."

"Eish, Murielle. Wowote tu?"

"Wewe andika. Nitazishika zote."

Glody aliandika kwa dakika kumi bila kuinuka kitandani. Aliandika kwamba mwanamume anauza ndizi, kwamba wasichana wawili wanaruka kamba, kwamba mbwa mweusi analala juani. Murielle alizikariri kwa siku tatu. Siku ya nne zilimtoka kama maji ya bomba.

Siku ya jaribio ikafika, nayo ikaja na manyunyu. Bi. Nkabinde alifungua pazia, akaweka saa yake mezani, akashika kalamu. Murielle alisimama dirishani, akaweka mikono nyuma, akainua kidevu.

"A man is selling bananas," alianza. "Two girls are skipping. A black dog is sleeping in the sun."

Alizisema ishirini zote bila kusita. Alipomaliza aligeuka, akitazamia kuona mwalimu akitabasamu. Bi. Nkabinde hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama nje.

Uwanja ulikuwa mtupu. Hapakuwa na ndizi wala kamba wala mbwa, na jua halikuwapo tangu asubuhi. Kulikuwa na mtu mmoja tu, fundi, amepanda ngazi chini ya paa la ukumbi, anapaka ukuta rangi ya kijani.

"Mbwa yuko wapi?" Bi. Nkabinde aliuliza.

Murielle alilifahamu neno mbwa. Alitazama uwanja kwa mara ya kwanza tangu asimame hapo, na masikio yakamwaka moto.

"Yule mtu anafanya nini?" mwalimu aliendelea, akimwonyesha fundi kwa kalamu.

Murielle alifungua kinywa. Rangi haikuwamo katika zile ishirini, wala ngazi, wala ukuta. 

"Sentensi hizi uliziandika mwenyewe?"

"Yes, Mam," Murielle alisema.

Bi. Nkabinde aliandika jambo fupi kwenye karatasi yake, akaivaa saa, akamruhusu aende.

Kila siku baada ya shule Murielle alipitia saluni ambako mama yake, Agnès, alisuka nywele. Ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu na kioo kirefu. Karibu na mlango, penye mwanga, palikuwa na cherehani ya Mwanaasha, mshonaji kutoka Tanga, ambaye alikuwa amepanga pembe hiyo kwa mwaka wa tatu sasa.

"Msomi wetu huyo," Mwanaasha alisema alipomwona. "Haya, tueleze. Mtihani umekwendaje?"

"Nimesema zote ishirini," Murielle alijibu.

"Zote?" mama yake aliuliza.

"Zote. Sikukosa hata moja."

Agnès alimgeukia mteja aliyekuwa akimsuka, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba huyo ndiye bintiye, na muhula ujao anaingia darasa la sita. Mteja akapiga makofi. Mwanaasha akafungua bakuli lake, akampa Murielle andazi lenye iliki. Murielle alilishika. Hakulila. Lilipoa mkononi mwake, mafuta yakamfikia kifundo cha mkono.

"Mbona huli, mwanangu?" Mwanaasha aliuliza. "Au la Tanga halimshuki mtu wa Kongo?"

Ndipo Murielle aliposema. Aliwaeleza habari ya uwanja mtupu, mbwa asiyekuwapo na fundi wa rangi. Vidole vya mama yake havikuacha kusuka. Mstari mmoja uliisha, akaanza mwingine.

"Mwalimu alikuuliza nani ameandika?" Agnès alisema.

"Aliniuliza."

"Ukasema nani?"

"Nikasema mimi."

"Na ni wewe?"

"Si mimi, mama. Ni Glody."

"Basi hapo kuna mambo mawili, usiyachanganye," Agnès alisema. "La kwanza, Kiingereza hujui. Hilo si kosa. Mimi mwenyewe niko nakiokota kwa wateja. La pili, umesema uongo. Hilo ni kosa, na ni lako peke yako."

"Nikimwambia, atanifelisha."

"Umekwisha feli, Murielle. Fundi wa rangi amekushinda. Sasa unachagua tu kama utakuwa umefeli na umesema kweli, au umefeli na umesema uongo."

Mwanaasha alikata uzi kwa meno. "Njia ya mwongo fupi," alisema. "Mimi nisingengoja mwalimu aifuate mpaka mwisho."

Asubuhi ya pili Murielle alifika shuleni kabla ya kengele. Bi. Nkabinde alikuwa akisahihisha madaftari. Njiani Murielle alikuwa amejaribu kutunga hotuba, ikamshinda. Alijua kwamba asipotumia maneno yake mwenyewe angerudi kulekule alikotoka. Kwa hiyo alisema yale machache aliyokuwa nayo.

"Mam. Sentences. Not me. Glody."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Glody ni nani?"

"Cousin," Murielle alisema, na baada ya kufikiri akaongeza kwamba yeye alishika tu, huku akijigonga kichwa kwa kidole kuonyesha mahali alipozishika.

Bi. Nkabinde alitoa karatasi ya jana, akamwonyesha mstari wa mwisho. Palikuwa pameandikwa kwamba mwanafunzi anasema ameandika mwenyewe, na mbele ya maneno hayo palikuwa na alama ya kuuliza. Akaufuta kwa mstari mmoja wa kalamu.

"Orodha ya muhula wa pili inafungwa tarehe kumi na nane Aprili, siku tutakayofungua," alisema. "Utasimama tena dirishani asubuhi hiyo. Usilete daftari. Unazo siku kumi na saba za likizo. Usikariri chochote. Tazama, kisha sema ulichokiona."

Hivyo ndivyo likizo ilivyoanza. Murielle aliketi saluni kwenye kigoda cha plastiki, akawa anasema kwa Kiingereza kila mikono ilipofanya jambo. Mama anachana. Mama anasuka. Mteja anasinzia. Alikosea kwa wingi. Mteja mmoja, muuguzi wa Kizulu aliyekuja kusukwa nywele ndefu kwa saa sita, alimsahihisha saa zote sita bila kuchoka, macho amefumba.

Jambo moja lilimsaidia bila kutarajia. Mwanaasha alikuwa na mazoea ya kuwacheka Wakongo kwa usemi wao.

"Niko nasuka, niko nakula, niko nalala," alisema siku ya pili. "Si mseme ninasuka yakaisha? Hiyo niko inafanya kazi gani?"

Murielle alihesabu kwenye vidole. Niko, nasuka. I am, braiding. Vipande viwili huku, vipande viwili kule, na vimepangwa vilevile.

"Mama Mwanaasha, hata Waingereza wanasema niko," alisema.

Agnès alicheka mpaka kitana kikamtoka mkononi. "Leo Kiingereza kimehamia Kongo, dada. Karibu nawe."

"Nitakuja nikimaliza gauni hili," Mwanaasha alisema, na cherehani ikaendelea kulia.

Wiki ilipoisha Murielle alianza kusema kwa kasi, na mama yake akaridhika. Mwanaasha ndiye aliyekunja uso. Alijifunza Kiingereza cha kutosha kwa kupima nguo za watu miaka kumi, na sikio lake lilikuwa la fundi.

"Hebu rudia ya mwisho," alisema.

"The tailor is wearing glasses," Murielle alisema. Fundi amevaa miwani.

"Nitazame."

Murielle alimtazama. Miwani ilikuwa mezani, kando ya mkasi.

"Jana nilivaa," Mwanaasha alisema. "Na juzi. Leo sijavaa tangu asubuhi. Wewe umerudi kukariri, mwanangu. Humu ndani kila siku ni yaleyale, hata kipofu angeyasema. Toka nje."

Maneno hayo yalimchoma, lakini yalikuwa ya kweli na ushahidi ulikuwa mezani. Jioni Murielle alimwendea Glody tena, safari hii bila daftari.

"Sitaki uniandikie," alisema. "Nataka unisikilize."

Glody alifikiri kidogo. Tangu asikie habari ya mbwa mweusi alikuwa na deni rohoni, ingawa hakulitaja. "Sharp," alisema, yaani amekubali. "Kesho, kwenye roboti."

Mchezo alioubuni ulikuwa rahisi. Walisimama kwenye kona. Taa ilipokuwa nyekundu, Murielle alianza kusema anayoyaona. Ilipogeuka kijani, alinyamaza. Taa nyekundu ilidumu sekunde arobaini kwa saa ya simu ya Glody. Sentensi ya jambo lisilokuwapo ilifutwa, na pamoja nayo iliyotangulia.

Raundi ya kwanza Murielle alipata sentensi tatu, mbili zikafutwa. Kona ile haikuwa saluni. Kijana alikuwa anafuta kioo cha gari, dereva anamkataza kwa mkono, kijana anaendelea kufuta. Mama mmoja alikuwa anauza chaja na miavuli. Mwanamume aliyevaa tai aliinua kidole kimoja juu, ishara ya kusimamisha teksi ya kwenda mjini, na Murielle alipotafuta neno la kuinua, teksi ikawa imeondoka naye.

"Amekwenda," Glody alisema. "Imefutwa."

"Lakini nilimwona."

"Ulimwona. Sasa hivi humwoni."

Siku ya tatu alipata tano. Siku ya sita alipata nane, na muuza miavuli akaanza kuwapa taarifa kwamba sasa anakunja mwavuli, sasa anafungua mwavuli, wasimsahau. Murielle aligundua kwamba makosa yake mengi hayakutoka kinywani. Yalitoka machoni. Alikuwa anakisia kabla ya kutazama. Akajizoeza kutazama kwanza, nusu pumzi tu, kisha kusema. Jumatatu ya Pasaka, siku ya mwisho ya likizo, alifikisha kumi na moja, wala haikufutwa hata moja.

Jumanne, tarehe kumi na nane, Bi. Nkabinde alifungua pazia lilelile na kuweka saa mezani. Asubuhi ilikuwa ya jua na ubaridi kidogo. Murielle hakuweka mikono nyuma. Aliushika ukingo wa dirisha, akatazama.

Mtunza bustani alikuwa anamwagilia maua kwa mpira mrefu. Wasichana watatu walikuwa wanabeba viti kuelekea ukumbini, na mmoja wao hakuwa anabeba, alikuwa anawahesabia wenzake hatua. Mwalimu mkuu alikuwa anatembea kutoka langoni, ameshika faili, anasoma huku anatembea. Murielle aliyasema haya moja moja. Mara tatu alikosea, mara moja akajisahihisha mwenyewe. Kalamu ya Bi. Nkabinde ilisikika ikikwaruza karatasi nyuma yake.

Dakika moja ilikuwa imepita wakati mpira ulipomchomoka mtunza bustani mkononi.

Maji yaliruka juu, yakapinda, yakaelekea njiani. Mtunza bustani aliukimbilia mpira, ukamkwepa kama nyoka. Mwalimu mkuu aliinua macho kutoka kwenye faili, akiwa amechelewa hatua moja.

"The water is going up," Murielle alisema. Maji yanapanda. "It is coming down. The man is running. He is catching it. No. He is not catching it. The principal is jumping."

Mwalimu mkuu aliruka tena, viatu mkononi sasa, faili kichwani. Wasichana waliweka viti chini.

"The girls are laughing. The principal is laughing." Murielle alisogeza uso karibu na kioo, akatazama nusu pumzi zaidi. "No, Mam. Sorry. She is not laughing."

Nyuma yake kalamu iliacha kukwaruza. Murielle hakugeuka, kwa kuwa mambo yalikuwa bado yanaendelea na yeye alikuwa bado anayasema: mtunza bustani anafunga bomba, maji yanasimama, mwalimu mkuu anamnyooshea kidole, msichana asiyebeba kiti sasa anabeba viwili. Alisema mpaka saa ya mezani ilipolia. Alipogeuka, Bi. Nkabinde alikuwa ameziba kinywa kwa kitambaa, na mabega yalikuwa yanamtikisika.

Mwalimu alingoja mpaka sauti yake ikatulia. "Sentensi thelathini na nne," alisema. "Makosa mawili. Chukua dawati lako, darasa la sita liko ghorofa ya pili."

"Dawati, Mam?"

"Juu hayatoshi. Wawili watakusaidia kubeba."

Darasa la nne zima lilijitolea. Walimsindikiza shangazi wao ngazini kwa nderemo, wanane wakishika dawati moja, na watoto wa darasa la sita wakatoka mlangoni kuona ni nani anayeletwa kwa maandamano.

Alasiri Murielle aliingia saluni na barua ya shule. Agnès alifuta mikono mafuta, akaisoma polepole, midomo ikitembea. Akaisoma tena kwa sauti, ili wateja wote watatu wasikie. Muuguzi wa Kizulu, aliyekuwa amerudi kurekebisha nywele za mbele, alipiga kigelegele kilichomfanya muuza nyanya wa nje achungulie.

"Mimi sishangai," Mwanaasha alisema. "Mwenye macho haambiwi tazama."

"Huyu aliambiwa," Agnès alisema. "Mara mbili. Ya pili na wewe."

Mwanaasha alijifanya anatafuta uzi. Agnès alikunja barua, akaitia mfukoni mwa aproni, akamgeukia binti yake.

"Nisikilize vizuri. Zile ishirini za Glody hazikuwa na kosa hata moja, na hazikukufikisha popote, maana hazikuwa zako wala hazikuwa kweli. Hizi thelathini na nne ni zako. Zina makosa mawili. Mwalimu ameyahesabu, na wewe utakaa kesho uyarekebishe, yatakwisha. Kosa hurekebishwa. Uongo haurekebishwi, huachwa."